Mama Adolphine Mbelu na Kidonge cha Saa Nne

Tarehe 31 Machi, Mama Adolphine Mbelu anavua koti lake jeupe baada ya miaka ishirini na saba katika zahanati ya kampuni yetu hapa Kolwezi. Wauguzi wenzake wangeandika wasifu huu kwa ufasaha zaidi, lakini wao wenyewe walisema kalamu apewe dereva. Mimi Ruffin Kabemba, dereva wa lori la mawe, ninajua kwa nini walinisukumia kazi hii.

Mama Adolphine ni mtoto wa Kasaji, binti wa fundi wa reli. Alipoanza kazi, zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti viwili na mashine ya kupimia presha, au tension kama tunavyoiita sisi. Amefunga vidonda vyetu, amepokea watoto wetu, na zaidi ya yote amechungulia vyombo vyetu vya chakula. Ukipita kantini na bukari, yaani ugali, na makayabu, samaki wetu wa chumvi, hukuuliza umeyaloweka kwa maji mangapi. Mke wangu Wivine alifundishwa maji matatu, na mara moja kwa mwezi tu. Siku ya sherehe ya mwaka mpya alionja sufuria ya sombe, yaani kisamvu, akairudisha jikoni kwa kuzidi chumvi, na wapishi hawakumsemesha hadi Februari.

Lakini jambo kubwa alilotufanyia lilihusu udanganyifu wetu, na afadhali tuuseme wazi. Visite médicale, yaani upimaji wa afya wa wafanyakazi wote, ilikuwa Juni na Desemba, na tangazo lilibandikwa wiki mbili kabla. Dereva aliyepatikana na presha juu ya 16, ambayo wengine huisoma 160, alishushwa kwenye lori, bila kujua kama atapanda tena. Basi tangazo likitoka, tulikwenda mtaa wa Manika kununua vidonge vya presha, tukavimeza kwa uaminifu, tukaacha chumvi, tukalala mapema. Siku ya visite kila mtu alikuwa na 13. Jioni ile ile makayabu yalirudi mezani na vidonge vikarudi kabatini. Tulijiandaa kwa presha kama watoto wa shule kwa mtihani, na kuisahau vile vile.

Mama Adolphine alishtuka kwa sababu takwimu zetu zilikuwa nzuri mno. Alifungua daftari zake akaona kwamba wale wa 13 mwezi Juni, walipokuja Septemba kwa kikohozi, walikuwa na 18 na 19. Kabla hajajua la kufanya, dereva mwenzetu Tata Beya alianguka asubuhi moja kando ya lori lake, injini haijawashwa bado, tumshukuru Mungu. Mkono wake wa kulia haunyanyuki mpaka leo. Kabatini mwake mlikutwa pakiti ya vidonge karibu kamili, ikisubiri Desemba.

Mama Adolphine alikwenda kwa mkurugenzi mara tatu bila jibu. Mara ya nne alimchukua Tata Beya mwenyewe, na karatasi ikasainiwa: dereva atakayejitaja kuwa na presha atafanya kazi karakana mpaka presha ishuke, kisha atarudishiwa lori lake.

Hakuna aliyejitaja. Tulidhani ni mtego.

Ndipo Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Mama Adolphine alikuja kuketi kwenye meza ya madereva. Akatoa kidonge mfukoni, akakimeza kwa chai, sote tukitazama. Akasema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Mi pia niko na tension, miaka tisa sasa. Munaniona niko nakufa?" Akatueleza kwamba hukimeza kila siku, akijisikia vibaya au vizuri, kwa kuwa presha haingoji kichwa kuuma. Kisha akamaliza chai yake akaondoka.

Nilimfuata. Mashine ilisoma 21 kwa 12, na asubuhi hiyo nilikuwa nikijigamba kwamba sijawahi kuumwa. Niliogopa sana, nasema kweli. Nilikaa karakana wiki tano nikiosha vichujio, wenzangu wakiniita mstaafu. Nilipopanda lori tena, wanne walikuwa wameshajitaja. Leo tuko thelathini na mmoja tunaomeza saa nne, na kwa miaka sita sasa hakuna dereva aliyeanguka.

Mama anarudi Kasaji kulima mahindi na karanga. Zawadi yetu ni mashine mpya ya presha, ili ajipime mwenyewe. Alipoipokea juzi, alisema lazima ijaribiwe, akaniita mbele ya watu na kunifunga mkono. Ikasoma 13 kwa 8. Akaitazama kalenda ukutani, ikionyesha Machi, mwezi usio na visite yoyote, halafu akanishika bega.

Asante, Mama Adolphine. Tunakutakia mvua ya kutosha, karanga nyingi na miaka mirefu. Saa nne ikifika huko Kasaji, meza kidonge chako. Huku na sisi tutakuwa tunameza.