Historia ya Kaka Yangu, Nahodha wa Manowari Kubwa

Ndugu, majirani na waombolezaji, anayesoma ni mdogo wake marehemu, niliyenyonya naye ziwa moja na kubishana naye zaidi ya miaka thelathini, na shemeji ameniomba nisitie chumvi, nami sitatia, iliyopo inatosha.

Marehemu, mliyemwita Chuma, alizaliwa tarehe 3 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha rangi, akamaliza sekondari mwaka 1982, mwaka uliofuata akaingia jeshi la wanamaji. Mimi niliingia mwaka 1987, nikapelekwa kwenye nyambizi, na tangu hapo hatukula meza moja kwa amani, mimi nikisema manowari kubwa siku hizi inamrahisishia adui kulenga, yeye akinijibu kwamba nimezoea kujificha kama panya mtaroni.

Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1991, wakajaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, tarehe 2 Juni 1997, naye akawa mwanamaji kwenye manowari ya baba yake, yenye urefu wa mita mia moja na arobaini. King'ora cha manowari hiyo kilikuwa kikilia kila mtumbwi ulipopita, basi kaka akaamuru mitambo ipuuze chombo chochote chenye urefu usiofika mita sita, watu wapumzike. Asubuhi ya tarehe 11 Oktoba 2021 kikaja kiboti cha mita tano, hakina mtu, kimejaa baruti, mitambo ikakipuuza kama ilivyoagizwa, wakafa watu thelathini na wanane, akiwemo mwanawe aliyekuwa chumba cha injini, kaka mwenyewe akaokolewa. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Mwezi uliofuata alipata kiharusi, akapoteza kauli, nami kila Jumapili nilimsomea magazetini habari za meli zilizozamishwa, maana hakuweza kunijibu, na nilifurahi, nasema kweli. Alifariki tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani mliosaidia kumgeuza kitandani, na maafisa wenzake.

Shemeji, kuna jambo halimo kwenye karatasi uliyonipa. Mwanao aliomba kuhamia nyambizini kwangu, na barua ilifika mezani kwangu tarehe 2 Oktoba 2021, baba yake ameshaisaini, imebaki saini yangu. Niliikalia siku tisa, nikisubiri kaka aje aniambie kwa mdomo wake kwamba nilisema kweli.

Pumzika kwa amani, kaka, mimi shemeji ananitazama.