Nilivyotolewa Kwenye Tanuri la Kimara

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo ni amina ya watu walioshiba ubwabwa. Bwana asifiwe sana! Haya, hapo sasa tunaelewana.

Ndugu zangu, mimi ni Mama Tumaini, nakaa Kimara, kule juu ukishaiacha Barabara ya Morogoro. Wengi mnanijua. Na wengi mlisikia habari zangu mwaka ule, kwamba Mama Tumaini karudia mambo ya majini, anaizunguka nyumba yake na chetezo cha udi mchana kweupe. Leo nimesimama niwaeleze mwenyewe, maana mlisikia nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo yenye Mungu ndani yake.

Mie nimezaliwa Mtoni, Temeke. Mama yangu ni Mzaramo, Mwislamu wa swala zote. Marehemu baba alikuwa Mkristo wa kutoka kusini, na sie watoto tukafuata kanisa. Nikaolewa na Baba Tumaini, huyo mnayemwona pale amejiinamia. Inua kichwa, mume wangu, sisemi ubaya! Baba Tumaini alikuwa fundi wa majokofu katika ofisi moja ya mjini. Ulipofika wakati ule wa kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akapewa kiinua mgongo chake, na kwa kuwa ofisi ilikuwa inauza vitu chakavu, akarudi nyumbani na kiyoyozi. Kiyoyozi, ndugu zangu! Kikubwa kama kabati la vyombo. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Manzese. Kile kiyoyozi kikakaa katikati ya chumba, sie tukalala pembeni kama wageni wake.

"Mke wangu," akaniambia, "sasa tunajenga nyumba ya kisasa."

Mnaukumbuka ule wakati. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, maduka yamejaa. Mtu aliyezoea kupanga foleni ya sukari anapita Kariakoo anaona vioo vya rangi vimeegemezwa ukutani, anasimama, anajiangalia, anajipenda. Mume wangu alisimama mbele ya vile vioo, basi tukapotea.

Nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya watu, ilijengwa kwa ajili ya kiyoyozi. Mbele, upande wa jua linakozama, akaweka vioo vikubwa visivyofunguka, ili wapita njia waone. Nyuma, upande wa mashariki unakotoka upepo wa baharini, akapiga ukuta mtupu usio hata na tundu la panya. "Wezi hupitia nyuma," akasema. Dari akalishusha chini, eti ubaridi usipotelee juu. Mabati akayakata sawasawa na ukuta, hakuna upenu, nyumba ikakaa kama kichwa cha askari aliyenyolewa. Mikorosho yote iliyokuwa kiwanjani ikakatwa ili nyumba ionekane vizuri. Na uwanja mzima akaumwagia zege. Nilipomuuliza nitapanda wapi mchicha, akaniambia mchicha si wa kisasa.

Tukahamia kaskazi ndiyo inaanza na joto lake. Kiyoyozi kikawashwa. Jamani, nisiseme uongo madhabahuni, ile siku ilikuwa tamu! Mume wangu alivaa koti la harusi, akakaa sebuleni anatetemeka kwa furaha. Majirani walikuja kuangalia, wakaondoka wanapiga chafya.

Halafu ukaja ule mgao wa umeme. Kiyoyozi kikanyamaza, nasi tukabaki ndani ya nyumba isiyofunguka.

Ndugu zangu, joto lile silijui jina lake. Mshumaa niliouacha mezani asubuhi, mchana niliukuta umeinama wenyewe. Siagi hatukuipaka kwenye mkate, tuliimimina. Mabati juu yakawa yanalia ko! ko! ko! kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Paka alihama bila kuaga. Na umeme ukirudi, mita inazunguka haraka kuliko pangaboi, mume wangu anasimama mbele yake ameshika kifua. Tukimwambia angalau atoboe dirisha moja nyuma, anajibu, "Mgao utaisha."

Siku moja jumuiya ikawa zamu yetu. Mzee Lameck, kiongozi wetu wa maombi, akaja na watu wake baada ya chakula cha mchana. Tukaimba, tukapiga makofi. Katikati ya wimbo Dada Eliza, jirani yangu, akaenda chini puu! Mzee Lameck akapaza sauti, "Nguvu imeshuka! Pokea, dada, pokea!" Na wengine nyuma yake wakaanza kuanguka, mmoja huku, mmoja kule. Nikainama karibu na Dada Eliza nisikie ananena kwa lugha gani. Alikuwa ananena Kiswahili.

"Maji," alisema. "Nipeni maji."

Nikapiga kelele, "Anaomba maji ya uzima!" Tukaendelea kuimba. Dada Eliza, nisamehe dada yangu, nakuona unacheka.

Lakini kicheko kiliisha. Tumaini alikuwa bado mchanga, ananyonya. Harara zikamtoka shingoni, kwapani, mgongoni, mpaka kichwani. Mchana mmoja nikamkuta hataki ziwa, mwili unachemka, macho yamezama, hata kulia halii. Nilimbeba nikakimbia naye zahanati, kiatu kimoja nilikiacha njiani. Nikasema hii ni malaria. Nesi akampima, akaniambia siyo.

"Mama, huyu mtoto mnamlaza wapi?"

"Ndani, nesi."

"Ndani ya nini?"

Nikamweleza habari ya vioo na ule ukuta mtupu. Akaniambia mtoto amekaukiwa maji, nimnyonyeshe mara kwa mara, nimpanguse kwa maji, na nisimrudishe mahali nilipomtoa. Sikurudi hata kufunga mizigo. Nilipita nyumbani nikasimama mlangoni, nikamwambia mume wangu, "Sie tunakwenda Mtoni kwa mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nyumba hii iwe ya watu."

Nyumba ya mama yangu mnazijua za namna ile. Kuta za miti na udongo, zimepigwa chokaa, paa refu la makuti limeshuka mpaka barazani, na ukumbi umekata nyumba katikati, kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Nilimlaza Tumaini kwenye mkeka pale ukumbini. Alasiri ya siku ya pili akaanza kunyonya kwa fujo, ananivuta kama ndama. Nililia! Nikaomba, nikasema, "Bwana, nilikuomba nyumba miaka yote, ukanipa. Mbona ilitaka kuniulia mtoto?"

Ndugu zangu, sikusikia sauti. Nilichosikia ni ubaridi shingoni. Upepo ulikuwa unaingia mlango wa mbele, unanipitia, unatoka uani, wala haukutaka umeme. Nikageuka nikauangalia ule mlango wa nyumba niliyokulia, nikasema, kumbe!

Jumapili iliyofuata Baba Tumaini akaja kunichukua. Alivaa tai. Alikuwa amekonda, macho mekundu, kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia kule Kimara. Akamsalimu mama, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, "Marahaba, baba, karibu mkekani." Akakaa, akaegemea ukuta. Alikuja na hotuba, nilimwona anavyoipanga mdomoni.

"Mama," akaanza, "nimekuja kumchukua mwenzangu, kwa sababu..."

Tukangoja.

"Kwa sababu gani, baba?" mama akauliza.

Kimya. Mama akasogea, akamwekea kiganja puani. "We mwanangu, huyu mkwe wangu kafa au kalala?"

Alikuwa amelala na tai yake! Chai ikapoa. Kuku wakapita juu ya miguu yake. Majirani wakaja kumwangalia, mama anawaambia taratibu, jamani, mtu ana machovu. Alizinduka jua linazama, akatazama juu, akatazama pembeni, akamuuliza mama, "Mama, hapa pangaboi mmelifunga wapi?"

Mama alicheka mpaka khanga ikamdondoka. "Pangaboi? Milango miwili, baba! Mmoja ule, mwingine huu."

Mume wangu akautazama mlango mmoja, akautazama wa pili. Halafu akaniambia, "Mke wangu, twende. Utavunja utakapo. Ila kioo cha mbele tukiache."

"Hicho ndicho cha kwanza," nikamjibu.

Mnaona? Mungu alikuwa ameshaanza kazi.

Sasa hapo ndipo ulipoingia ule udi wenu. Tuliporudi nikajiuliza, tuvunje wapi? Upepo hauonekani, lakini moshi unaonekana. Nikaazima chetezo cha mama, nikatia makaa na udi, nikaizunguka nyumba asubuhi, nikaizunguka mchana, nikaizunguka alasiri, ninaangalia moshi unalalia upande gani. Kila nikifika nyuma, moshi unakimbilia ule ukuta mtupu, unaugonga, unapanda juu, unaondoka zake. Upepo ulikuwa unatujia kila siku, tumeufungia nje! Nikaruka kwa furaha, nikapiga vigelegele, nikazunguka tena. Dada Eliza akaniona kupitia uani kwake. Kufika jioni habari ilikuwa imeshafika Mabibo.

Sie hatukujua. Tulikuwa kazini. Fundi alibomoa ule ukuta wa mashariki, tukatia madirisha makubwa ya mbao yanayofunguka, na upande wa pili tukatoboa mengine yanayotazamana nayo, maana upepo ukikosa pa kutokea hauingii. Vile vioo vya mbele tukaving'oa. Tukajenga baraza upande ule wa jua la jioni, tukarefusha mabati yakazifunika kuta kwa kivuli. Dari tukalipandisha, na chini ya mabati tukapanga matofali ya matundu, tukatia na wavu wa mbu, joto lipate njia. Bati lenyewe tukalipaka chokaa iliyokorogwa na chumvi. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyepanda juu, akateremka mweupe kama malaika, anaangua kicheko. Jiko nikalitoa nje, nikanunua lile jiko la mkaa lenye udongo ndani, mkaa uliokuwa unaisha kwa siku sasa unanipikia na kesho yake. Zege la uwanjani tukalipasua, nikapanda mipapai, mlimao na mwarobaini. Na mchicha nikapanda!

Siku fundi anapigilia msumari wa mwisho wa madirisha ya nyuma, ndipo ujumbe ukafika. Mzee Lameck mbele na Biblia, Dada Eliza nyuma, na wengine wanaimba wimbo wa vita. Tukawakaribisha, hawakukaa.

"Mama Tumaini," akasema Mzee Lameck, "tumekuja kulitoa."

"Kulitoa nini, mzee?"

"Usijibizane nalo!" akawaambia wenzake. Akanyoosha mkono. "Fungueni milango yote! Fungueni na madirisha, lipate pa kutokea!"

Mume wangu akaniangalia. Nami nimefundishwa kumtii kiongozi. Nikaenda nyuma, nikayasukuma madirisha mapya, yote kwa pamoja.

Jamani! Ilikuwa alasiri, upepo wa baharini umeiva. Uliingia mzima mzima! Pazia likapaa mpaka darini. Mlango wa chumbani ukajibamiza paa! Kitambaa cha Dada Eliza kikamtoka kichwani kikatokea barazani. Tai ya Mzee Lameck ikamfunika uso, naye akaruka nyuma anapiga kelele, "Limetoka! Haleluya, limetoka!"

"Mzee," mume wangu akasema kwa adabu, "halijatoka. Ndiyo kwanza linaingia. Ni upepo."

Mzee Lameck akaiondoa tai usoni. "Upepo?"

"Upepo tu, mzee."

Akasimama. Akatoa leso apanguse jasho kama alivyozoea, akajipapasa uso, akakuta hakuna cha kupangusa. Akairudisha leso mfukoni. Akakaa. Wenzake nao wakakaa. Nikawaeleza habari ya moshi tangu mwanzo mpaka mwisho, kwamba hata moshi wa gunia bichi ungefaa, ila udi unanukia. Mzee Lameck akakinusa chetezo kwa mbali, kisha kwa karibu. Dada Eliza akaangalia sakafu, akaniuliza, "Sista, hapa ndipo nilipoangukia?" Nikamwambia ndipo. Nikampa maji.

Waliondoka giza linaingia, na kuondoka kwenyewe ni kwa sababu niliacha kusema karibuni.

Leo mgao bado unakuja. Umeme ukikatika, tunajua kwa sababu redio imenyamaza. Tumaini anakimbia nyumba nzima, mgongo laini. Kiyoyozi kiko uani, kuku wanatagia humo, na mume wangu anasema kinafanya kazi vizuri. Na hapa kanisani, ni Mzee Lameck huyu huyu aliyeniita tuzunguke na moshi kabla ya kuzitoboa hizi kuta. Tazama sasa, ibada inakwenda saa nzima na hakuna anayejipepea kwa kitabu cha nyimbo! Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu wa Mtoni. Namshukuru mume wangu, kwa sababu wanaume wengi wangekilinda kile kioo mpaka kifo.

Ndugu zangu, mwaminini Bwana. Hakuiweka Dar es Salaam juani akasahau kuipa upepo. Tatizo letu tunampigia magoti atupe nyumba, halafu tunainuka tunamgeuzia ukuta mtupu. Wewe mwenye kiwanja Mbezi, wewe wa Mbagala, kabla hujachimba msingi, nenda ukakae pale, asubuhi, mchana na jioni. Omba, kisha fumbua macho uangalie majani yanalalia wapi. Usiukate mti mpaka ujue kivuli chake kinamfaa nani. Mlango utakaoweka mbele, uulizie mwenzake wa nyuma.

Nataka nimwombee mtu. Yeyote mwenye kiwanja na hajaanza kujenga, anyooshe mkono wake juu, asione haya. Amina, naona pale. Amina, naona mama pale nyuma. Mzee Lameck, na wewe? Amina! Njooni mbele.

Baba Tumaini, wewe shusha mkono. Wewe umeshajenga.