Besi Aliyekaa na Walionyamaza

Wasomi wa ukoo huu wamejaa tele, mkaja kunisumbua mimi niliyeishia darasa la pili niandike wasifu wa marehemu. Haya, someni mwandiko wangu hivyo hivyo.

Marehemu mdogo wangu, tuliyemwita Besi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga. Alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu zilimkataa, kuimba kukamkubali, na kwaya ya kanisa letu ikamchukua mara sauti yake ilipogeuka nzito, aimbe besi, sauti ya nne.

Mwaka 1982 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani. Mwaka 1988 walihamia ughaibuni, akawa mpiga pasi wa mashuka ya hospitali. Kanisa kama letu halikuwepo. Seremala wa pale hospitali akamkaribisha kwenye ibada ya kwao: hakuna mimbari, hakuna kwaya, watu wameketi kimya wanamngoja Mungu. Besi akadhani mwanzisha wimbo kachelewa. Akainuka kuwaokoa, akaimba beti zote, sauti ya nne peke yake! Wakamsikiliza mpaka mwisho, wakanyamaza tena. Seremala akamnong'oneza, "Karibu, ndugu. Umemaliza?"

Alinipigia simu analia. "Dada, nimelikumbuka kanisa letu. Huku ukisema amina hakuna wa kukupokea."

"Si urudi? Nani kakufunga kamba?"

Hakurudi. Aliwazoea, wakampenda. Ila simu za mkononi zilipokuja, Jumapili nilimwinulia yangu kanisani mpaka kwaya imalize.

Figo zilipomshinda mwaka jana, ni hao waliokaa naye kwa zamu, bila kumhubiria, bila kumchoka. Mimi miguu isingenifikisha. Nawashukuru, na Mungu aliyewaleta namshukuru zaidi. Alifariki tarehe 2 mwezi huu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa seremala. Aliomba azikwe kwetu kwa nyimbo, na wenzake wapewe nafasi ya kunyamaza kwao.

Jana mzee wa kanisa kaniambia, "Mama, hao hata kwa maji hawabatizi. Kwenye ratiba ya mazishi hawamo."

"Ukurasa huu naandika mimi, mwanangu. Sasa wamo."

Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili na mimi dada yake. Mungu ampumzishe salama.

Seremala na mkewe wamesafiri na jeneza, wako benchi la tatu. Kwaya ikimaliza, ketini, mnyamaze nao mpaka seremala ainuke kuwapa mkono, ndivyo wanavyofunga ibada kwao. Nawe mzee wa kanisa, tangulia kuketi.