Fito za Kona ya Ruokojärvi

Vuteni viti mkae karibu, wanangu, maana sauti yangu leo haifiki mbali na sitaki kurudia. Jarkko, weka simu chini. Wakili akipiga, atapiga tena. Outi, shika kalamu uandike vile vile ninavyosema, usininyooshee maneno kama unavyowanyooshea wanafunzi wako. Mimi Reino Karppinen, mwenye miaka themanini na minne, akili zangu ninazo, mwili ndio umenikimbia. Daktari alisema wiki, lakini uso wake ulisema siku.

Mali kwanza, kwa sababu ndiyo nyepesi. Nyumba hii na msitu ulio nyuma yake hadi mtoni ni vya Outi, na misonobari ya upande wa kaskazini usiiguse, la sivyo upepo utahamia jikoni kwako. Karakana, matrekta mawili na lori la kusukumia theluji ni vya Jarkko. Sauna ni yenu nyote wawili, na atakayemfungia mwenzake mlango wa sauna nitamtokea ndotoni. Cheka, Outi. Mama yako angecheka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili sijawahi kumwambia mtu, hata mama yenu alikwenda bila kulijua.

Jumatatu, Jarkko, mahakama inangoja karatasi yako. Umeshinda zabuni ya kutunza barabara ya Ruokojärvi majira ya baridi kwa bei ya chini kuliko wote, halmashauri imekupa, na Oskari Heikura amekwenda kushtaki kwamba kwa bei ile hakuna binadamu anayeweza kuifanya kazi ile sawasawa. Mahakama imekutaka ueleze bei yako inawezekanaje. Najua utakachopeleka. Ulikuja hapa na daftari langu la kijani umekenua meno yote, ukasema, "Baba, si wewe uliifanya kazi hii kwa hesabu hizi hizi, baridi kumi na moja, na hakuna aliyeumia kwa kosa lako? Safari hii Heikura ataficha wapi uso wake?" Nami nikajifanya nimepitiwa na usingizi. Ulinifunika blanketi, mwanangu, ukatoka kwa kunyata, na mimi nikabaki macho chini ya blanketi lako.

Daftari lile ni la uongo. Andika hivyo, Outi. La uongo.

Zamani barabara tuliigawana, Oskari upande wa mashariki na mimi magharibi, tukikutana darajani tunakunywa kahawa kwenye chupa moja. Halafu halmashauri ikatangaza kwamba sasa barabara nzima itapewa mtu mmoja, mwenye bei ya chini, na kingine hawatatazama. Niliketi mezani hapo nje nikakata bei mpaka nikagota. Dizeli haikatiki. Mshahara wa dereva haukatiki. Nikaziona fito. Mnajua wenyewe, theluji ikishafunika, dereva hana kingine cha kumwonyesha barabara inaishia wapi na ziwa linaanzia wapi, ila ule mstari wa fito. Babu yenu alizichomeka kila hatua thelathini, na kwenye kona ya ziwa kila hatua kumi na tano. Mimi nikaandika sitini, barabara nzima, kona na yote. Nusu ya fito, nusu ya siku za kazi, na bei ikashuka chini ya bei ya Oskari kwa kitu kidogo tu.

Oskari alikwenda mahakamani safari ile pia. Majaji wakasema zabuni ilitaja bei, bei ni hii, kesi imekwisha. Kule koridoni akanishika mkono wa koti, akasema, "Reino, kwa bei hiyo utaua mtu." Nikamjibu mbele ya watu, "Wewe nenda kaue mbu kwenu." Watu wakaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Baridi ya pili, mwezi wa Februari. Mnamkumbuka muuguzi Saimi Hautala, aliyekuwa anakuja kumfunga bibi yenu kidonda cha mguu. Alikunywa kahawa mezani petu, na wewe Outi, ulikuwa na miaka tisa, ukamfungia mikate ya mdalasini kwenye karatasi apeleke nyumbani. Saa nane mchana akaondoka, upepo unapeperusha theluji, mbele huoni kitu. Pale kwenye kona alitafuta ufito wa kumwongoza asiuone, akanyoosha moja kwa moja, akaingia ziwani, na barafu ikapasuka.

Oskari ndiye aliyemkuta. Nilipofika na trekta alikuwa amekwisha kumtoa, amemlaza juu ya koti lake, naye mwenyewe ndevu zimeganda. Akaniambia, "Kaa naye, nakimbia kupiga simu." Nikakaa naye. Saimi alikuwa amekwisha kufa. Nami, wanangu, badala ya kumshika mkono, nilishusha fito kutoka kwenye trekta nikazichomeka pale kwenye pengo, hatua kumi na tano kwa kumi na tano, kama babu yenu. Ardhi ilikuwa jiwe, hazikuingia, nikazisimamisha kwenye rundo la theluji tu. Upepo ukafuta nyayo zangu. Polisi walipokuja wakahesabu fito, wakazikuta kamili, wakaandika kwamba mama yule aliendesha kwa kasi. Saimi! Mtu aliyeendesha kama amepakia mayai.

Kwenye mazishi yake nilibeba jeneza. Ndiyo, mimi.

Ikaja Aprili, theluji ikayeyuka. Fito nyingine zote zilibaki zimesimama, za pale kwenye kona zikalala chini zote, kwa kuwa hazikuwahi kugusa udongo. Nilipita na gari nikamwona Oskari amesimama pale, ameshika ufito mmoja. Akaninyooshea ncha yake niitazame. Safi, haina hata chembe ya udongo. Tangu siku ile hajasema nami neno, miaka ishirini na minane. Nyinyi mmekua mkijua kwamba Heikura ana kijicho na zabuni zetu. Ni mimi niliyewafundisha hivyo, kwenye meza ya chakula, tena kwa mizaha.

Baada ya Saimi nilirudi kwenye hatua thelathini, na pale kwenye kona kumi na tano, kimya kimya. Daftarini nikaacha sitini, maana bila sitini nisingeshinda zabuni iliyofuata. Pengo la fedha nililiziba kwa kuuza miti ya urithi wa mama yenu. Kwa hiyo bei ile, Jarkko, ukiacha baridi ya kwanza iliyopita kwa bahati, haijawahi kuifanya kazi ile hata baridi moja bila ama kuua mtu ama kunifilisi. Ukiipeleka Jumatatu utashinda, naijua mahakama, karatasi zangu ni nzuri. Na ukishinda itabidi uishi ndani ya bei hiyo.

Usisimame. Kaa chini. Najua umekopa benki kwa ajili ya lile lori jipya. Najua utasema baba amenimaliza. Sema, ni haki yako. Lakini Jumatatu utaandika kwamba unajitoa, na haya anayoandika Outi utayaambatanisha. Matrekta yangu uyauze ulipe benki. Hilo ni agizo, si ombi.

Subirini. Pumzi... subirini kidogo.

Kuna jambo linalonitisha kuliko kufa. Leo ni Jumatano. Mwenye mkataba wa zamani aling'oa fito zake Mei, akaondoka. Halmashauri haiwezi kusaini na mtu mpaka kesi iishe. Nilimpigia bwana mmoja wa pale ofisini, akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee Karppinen, usiwe na wasiwasi, theluji ikianguka tutatafuta mtu wa muda." Theluji! Tatizo ni udongo. Redio imesema Ijumaa baridi itafika nyuzi kumi chini ya sifuri, na udongo ukishaganda hakuna ufito utakaoingia mpaka Aprili. Mtakuwa mnabishana kwa karatasi, wewe na Oskari, kila mmoja na wakili wake, na basi la shule linapita pale kwenye kona kila siku mara mbili. Nimekwisha kuiona picha hiyo. Sitaki muione nyinyi.

Wosia unataka mashahidi wawili wasio wa ukoo, wawepo pamoja. Mmoja ni muuguzi Pirjo, huyu hapa anayeniuguza. Wa pili hamkuniuliza ni nani. Mlango wa jikoni uko wazi tangu nilipoanza kusema. Nilimtuma Pirjo amwite, nikadhani atakataa.

Ingia, Oskari.

Jarkko, mpishe kiti. Usimtazame hivyo, nitazame mimi. Oskari, umesikia. Mkono usinipe kama hutaki. Weka saini tu kwamba umesikia, halafu... nina neno moja. Fito za kijana wangu zimepangwa karakanani, elfu moja na mia tatu, kazichonga mwenyewe, nzuri. Mahakama haikatazi mtu kuchomeka ufito barabarani. Nendeni wote watatu. Sasa hivi, kungali na mwanga. Anzieni pale kwenye kona.

Outi, funga daftari, mama, inatosha. Vaa glovu za baba.

Mungu awatunze. Awape mikono yenye nguvu na... na midomo isiyoficha kama wangu. Watoto wenu wapite salama. Nimewasamehe yote, nanyi mkiweza... mkiweza.

Hapana, asibaki mtu. Pirjo yupo. Mkirudi mkanikuta nimekwenda, nifunikeni tu, mkalale, na kesho asubuhi mmalizie upande wa pili wa barabara.