Benchi la Makaburi

Baba Paroko, waheshimiwa madiwani, wazee mliotoka Nyarero, shikamooni, ndugu na majirani, poleni sana. Mimi ni Gesase, mdogo wake marehemu, na wengi mmezoea nikishika kipaza sauti mnaanza kucheka kabla sijasema, leo msijilazimishe, tangu Jumanne mimi mwenyewe sisikii kitu, hata chai nainywa nikidhani ni maji, kwa hiyo nitasoma tu.

Ndugu yetu Nikodemo Waisiko alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Nyarero, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Waisiko na mama yetu Ester, ambaye yuko pale kwenye kiti cha bluu. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyarero kuanzia 1976 hadi 1982, akasoma sekondari Musoma hadi 1986, kisha akasomea uafisa afya, na mwaka 1991 akaajiriwa Mugumu, ambako alikagua vyoo, machinjio na visima mpaka ikawa akikaribishwa chakula anauliza kwanza choo kiko wapi.

Tarehe 8 Oktoba 1994, huko huko Mugumu, alifunga ndoa na Agustina, Mungu akawajalia Tabitha, Brayan na Gloria. Mwaka 2008 aliacha kazi, akahamia hapa Nyamisangura, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka 2015 mkamchagua kuwa diwani wenu, akatumikia vipindi viwili hadi 2025.

Sasa udiwani wake mnaujua. Kila mwaka kabla ya bajeti mitaa inakaa kupanga vipaumbele, na yeye hakuamini kunyoosha mikono, alisema watu wananyoosha yote miwili, kwa hiyo alipanga mabenchi uwanjani, la barabara, la zahanati, la soko, kila mtu anasimama nyuma ya analolitaka, na lenye mstari mrefu ndilo kata inalopeleka kwenye baraza la madiwani. Mwaka 2021 aliongeza benchi la makaburi ya mji, akaeleza kwamba viwanja vyetu ni vidogo, tunazika mlangoni kama desturi yetu ilivyo, na pembeni hapo kuna kisima, akasimama nyuma ya benchi hilo peke yake, na Mzee Abubakari, fundi cherehani, akapaza sauti, "Mheshimiwa, sisi tumeomba maendeleo, wewe unatuombea kufa?", uwanja mzima ukacheka, na jina la Diwani wa Makaburi likamshika hapo.

Masika ya 2022 kisima cha mama Saida kilibomoka upande mmoja, na upande ule palikuwa na kaburi la jirani, sitaendelea kwa sababu mtakula baadaye, ila mwaka uliofuata mstari wa nyuma ya benchi lile ulifika barabarani. Kata ikapeleka, baraza likatenga eneo nje kidogo ya mji, likatunga sheria ndogo ya kuzuia kuzika kwenye viwanja vya mjini, rasimu ikabandikwa tutoe maoni, ikaenda kwa waziri, na mwaka 2024 ikaanza kutumika. Mpaka leo hakuna aliyezikwa kule, kila mwenye msiba anampakia mtu wake kwenye gari anampeleka kijijini, na lile eneo wanalifaidi ng'ombe, wamenona.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2019, mwishoni mwa 2025 figo zikashindwa, akatibiwa hapa na baadaye Mwanza, na Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia, akiwa amemwachia mkewe neno moja tu, kwamba azikwe kule, awe wa kwanza.

Hapo familia ikakwama. Wazee walisema mtoto wa Waisiko hawezi kulazwa peke yake porini kama mtu asiye na kwao, atalala Nyarero kando ya baba yake, na baba yetu mdogo akamwambia shemeji, "Mama Tabitha, hiyo sheria aliwatungia watu wa mjini, siyo sisi." Agustina hakubishana, alivuta mabenchi mawili ya msiba akayaweka uani, akasema, "Baba, hili ni Nyarero, hili ni kule kwake, simameni," akaenda nyuma ya hilo la pili, peke yake. Sisi wengine wote tukajaa nyuma ya Nyarero, hata mimi, hata watoto wake. Ndipo mama, ambaye miguu haimbebi tena, akasema kwa Kikurya tumsogeze, tukamwinua na kiti chake tukidhani anataka kivuli, akasema, "Nipelekeni kwa mke wa mwanangu. Kusimama peke yake pale kulimtosha Nikodemo." Tabitha akafuata, wadogo zake wakafuata, nikafuata, na baba mdogo akaja wa mwisho, akilalamika kwamba benchi lenyewe bovu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mwanza, madiwani aliofanya nao kazi, majirani waliolala nasi hapa, na Mzee Abubakari, aliyetushonea vitambaa vyeusi tangu juzi na hajatania hata mara moja, mzee wangu, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Misa ikiisha tutakwenda kwa miguu, kaburi liko tayari, ng'ombe wameswagwa. Kaka Nikodemo, eneo ni kubwa na leo lote ni lako, pumzika kwa amani, majirani tutakuja, ila hatuna haraka.