Tunahama Jumamosi

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu alikaa fundi wa kuchomelea vyuma ambaye hakutulia kitini hata kidogo. Kando yake alisinzia mkunga aliyetoka zamu.

"Dada," fundi alimwambia, "jana nimelipia vyumba viwili. Tunapokaa sasa ni vinne, kodi inameza kipato chote. Mtoto akiugua, nakimbilia kwa shemeji kukopa."

"Umefanya la maana. Mkeo anasemaje?"

"Hajui. Tunahama Jumamosi."

Usingizi ulimruka mkunga. "Kaka, leo Alhamisi!"

"Najua. Nikimwambia atanuna."

"Atanuna kwa sababu ya vyumba, au kwa sababu umemfanya mtoto mdogo?"

Mimi nilijifanya nasoma tangazo la dawa ya mende. Fundi alijikuna shingo, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mimi ndiye ninayetafuta."

"Na hicho unacholeta, nani anahangaika nacho mpaka mwisho wa mwezi?"

Fundi alitoa simu mfukoni. Treni iliposimama, alishuka akiwa na simu sikioni, na kupitia dirishani nilimsikia akisema, "Mama watoto, kaa chini kwanza. Tafadhali usinikatie."