Caren Chepkemboi na Insha ya Foleni ya Vikapu

Jumanne tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, Mwalimu Caren Chepkemboi anastaafu. Nilipopewa kazi ya kuandika ukurasa huu wa jarida la walimu nilikuwa na huzuni tele. Sasa naandika nikicheka peke yangu katika chumba cha walimu, na wenzangu wananitazama. Mkisoma hadi mwisho mtanielewa.

Mwalimu alianzia kazi Kipkelion, akapita Chepseon, kisha akaja hapa kwetu nje kidogo ya Litein, akatulia. Amefundisha Kiingereza, amesimamia klabu ya mjadala, na kwa muhula mmoja alikuwa kocha wa voliboli, muhula ambao wachezaji wenyewe wameomba usizungumziwe. Lakini kazi itakayobaki midomoni mwa watu ni ile aliyojitwika mwenyewe: kuwasaidia wasichana wanaoomba nafasi katika vyuo vikuu vya ng'ambo. Vyuo hivyo havitosheki na alama za mtihani. Vinataka insha ambayo mwombaji anajieleza yeye ni nani, na hilo ni swali gumu kwa msichana aliyefunzwa tangu utotoni kwamba kujisifu ni kukosa adabu.

Wasichana wetu walikuwa na dawa yao: ushuhuda. Insha baada ya insha ilianza kwa kumshukuru Mungu, ikapitia shida, viatu vilivyotoboka na taa ya koroboi, ikaishia kwenye ushindi, sawasawa na Jumapili kanisani. Ukibadilisha jina tu, insha ya huyu inakuwa ya yule. Mwalimu alizisoma zote kwa heshima, maana naye ni mtu wa kanisa, kisha akazirudisha. Alisema ushuhuda ni wa kumtukuza Mungu, lakini chuo kinataka kumjua mtoto.

Hapo ndipo zilipoanza Jumamosi za majani. Yeyote aliyekosa mada alipelekwa kwenye shamba dogo la chai nyuma ya nyumba ya Mwalimu, akapewa kikapu, akachuma huku akiongea. Mwalimu alidai kwamba msichana akiketi mbele ya meza anajibu kama yuko kortini, ila akichuma anasahau kwamba anaulizwa. Sheria ilikuwa moja: usiseme jambo ambalo mwenzako wa mstari wa pili anaweza kulisema pia. Sisi wenye wivu tulisema Mwalimu amejipatia vibarua wa bure. Ukweli ni kwamba wasichana wakinogewa na hadithi walichuma hata majani yaliyokomaa, na karani wa kituo cha kununulia chai aliyakataa mara nyingi tu.

Mwaka jana akaja Mokeira wa kidato cha nne, kichwa kwelikweli katika hesabu. Wazazi wake hawakuwa na njia ya kumpeleka kwenye chuo alichokitamani ila kwa ufadhili kamili, na alama zake zikishafika mezani, insha ndiyo ingeamua. Mokeira akaandika ushuhuda wa kuliza: baba amefariki, mama ameachwa na watoto. Mwalimu alitokwa na machozi. Siku ya wazazi akamtafuta mama yake, Nyabate, ampe pole, akamkuta ameketi kwenye nyasi kando ya mwanamume anayekula chapati kwa raha zake. Huyo alikuwa Gichana, muuza ndizi wa soko la Litein, marehemu mwenyewe. Alipoelezwa mambo, aliweka chapati chini.

"Madam, hebu niambie ukweli," akasema. "Mimi nilikufa na nini?"

Mokeira alitamani ardhi immeze. Mtu alikuwa amemwambia kwamba bila matanga Wazungu hawasomi insha. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia tu aje Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza na ya pili hakikupatikana kitu. Ya tatu, walipofikisha majani kituoni, mtu alisogeza kikapu chake mbele kidogo, na Mokeira akakirudisha bila hata kumtazama mwenyewe. Mwalimu akamuuliza amejifunza wapi hayo. Mnajua lori la kiwanda likichelewa watu wa hapa huacha vikapu kwenye foleni na kwenda kukamua ng'ombe. Kikapu kinamshikia mtu nafasi. Shida ni kwamba vikapu hutembea: mwenye haraka husogeza chake mbele wenzake wakiwa hawapo. Kumbe kituoni kwao Mokeira ndiye aliyelinda foleni tangu darasa la saba, akikumbuka kwa kichwa nani alimfuata nani, akiongea Kipsigis na akina kogo, yaani nyanya zetu wa hapa, na Ekegusii na watu wa kwao. Jioni moja ya mvua, majani yakianza kuungua kwa joto la kurundikana kikapuni, kikapu kilichotembea kilikuwa cha mama yake. Mokeira alikirudisha nyuma mbele ya watu wote. Nyabate hakumsemesha kwa siku mbili, na tangu hapo hakuna aliyebishana na foleni hiyo.

"Lakini Madam, hiyo si story," Mokeira akasema. "Hiyo ni mambo ya majani tu."

"Andika hiyo hiyo, mama," Mwalimu akamjibu.

Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Ratemo, alipinga waziwazi. "Mzungu atajulia wapi foleni ya vikapu?" aliuliza, akapendekeza shida zibaki, ila marehemu afufuliwe. Mwalimu alishikilia lake, na insha ikatumwa Januari. Baada ya hapo hakuwa na raha. Alituambia kwamba msichana akikosa nafasi, yeye atastaafu akijua ndiye aliyemnyima.

Alhamisi iliyopita alikuwa akifundisha kidato cha tatu Mokeira alipoingia mbio kutoka kwao, gambuti za shambani zimejaa matope, akamnyooshea simu. Mwalimu akasoma, akapangusa miwani, akasoma tena. Amepata! Nafasi pamoja na ufadhili kamili! Darasa zima lilimiminika nje, Bwana Ratemo akapiga kengele kwa mkono wake mwenyewe, na Mwalimu akalia mbele yetu bila kujificha. Nami pia nililia.

Mwishoni mwa barua ile chuo kiliongeza mstari: wasomaji wa insha wangependa kujua kama mama alisamehe. Nyabate alikuwa ameshafika langoni, akihema, akasomewa swali.

"Waambie nilisamehe," akasema. "Lakini ile siku mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni!"

Mwalimu Caren, asante kwa kila msichana uliyemsikiliza hadi akajisikia mwenyewe. Tunakuombea afya njema, usingizi mzito na asubuhi nyingi zisizo na kengele. Nenda kwa amani, Madam wetu; tunakupenda sana.